Miche Mifupi Nyuma ya Banda la Mbuzi

Mwanangu Nakiete,

Umeteremka Same tangu asubuhi kumuaga shangazi yako, nami nimekaa kwenye kizingiti cha jikoni na beseni la maji ya matope miguuni. Beseni lenyewe ni lile la mama yako la kuoshea vyombo, na ameshanisema, kwa hiyo wewe usijisumbue kunisema tena. Nakuandikia sasa, jua lingali juu, kwa sababu ukirudi jioni nyumba itajaa watu. Watakuja kukuombea safari na kula makande, na mimi mbele za watu huwa nasema mambo mengine kabisa, siyo yale niliyokusudia.

Habari za kuchemsha maji, za chandarua na za kutunza nguo zako, mama yako amezimaliza. Sina la kuongeza humo. Mimi nataka tuzungumze habari ya mizizi.

Juzi nilikuamuru jambo. Lori la tangawizi litakalokuchukua kesho mpaka Bendera, kule tambarare, lina nafasi ya kreti chache tu kati ya magunia, na mimi nikasema kreti hizo zijazwe miche yangu ya mkangazi, ile mirefu iliyo mbele ya nyumba, na ile mifupi uliyoiotesha wewe nyuma ya banda la mbuzi ibaki. Ukasema, "Sawa, baba." Ukainama ukaanza kupakia. Na wote tunajua kilicho hatarini. Mjomba wako amekupa lile shamba la Bendera kwa sharti moja, kwamba miche isimame mpaka kiangazi kipite. Ikifa, analirudisha shamba kwenye mahindi, na wewe unarudi huku juu kukaa bila kazi kama ulivyokaa tangu umalize shule. Kwa hiyo ni miche ipi inapanda lile lori, hilo si jambo dogo kwako. Nilijua hivyo nilipokuamuru, na nilikuwa na hakika kamili.

Ngoja nikueleze hakika hiyo niliipata wapi. Sehemu ya mwanzo unaijua, maana kila harusi kuna mtu anaisimulia, lakini wanaisimulia kwa ajili ya kuchekesha na huruka mambo.

Miaka ile ya shida wewe ulikuwa bado unabebwa mgongoni. Kipande cha sabuni kilikatwa kwa uzi ili kila nyumba ipate. Mama yako alikuwa na khanga moja nzima, na siku ya kuifua hakutoka nje. Chumvi ilikuwa ya kutafuta, sukari tuliisikia kwa majina ya walioipata. Katikati ya ukosefu wote huo, kijijini kwetu ikaletwa mbolea. Magunia kwa magunia, sijui yaliandikiwa nani. Yalikaa ghalani masika yote, unyevu ukaingia, ile mbolea ikashikana ikawa mawe, na wenye kahawa wakasema hawaitaki tena.

Sasa mimi nilikuwa nimechaguliwa kutunza kitalu cha kijiji. Nikuulize wewe Mpare mwenzangu, ni nani kati yetu anaweza kuona kitu cha bure kinaharibika ghalani akapita hivi hivi? Wageni wanatutania kwa ubahili, waache watutanie, lakini mwaka ule haukuwa ubahili. Kuacha kitu kiharibike wakati watu wanaoga kwa majani ya mpapai ilikuwa dhambi. Nikayaponda yale mawe. Nikayatia kwenye miche, na kilichobaki nikakitia tena wiki iliyofuata, ili kisipotee. Viriba vya plastiki hatukuwa navyo, tuliotesha kwenye maganda ya mgomba tuliyoyafunga kwa kamba, na kila ganda lilipata sehemu yake na ya jirani yake.

Miche ikanenepa, Nakiete. Sijawahi kuona tena miche ya namna ile. Majani yakawa ya kijani kizito, mapana, yanang'aa, mpaka watu wakitoka kanisani walikuwa wanapinda njia kuja kuitazama. Mzee mmoja aliniambia nina mkono wa kuotesha. Nilitembea na neno hilo kijiji kizima.

Pembe ya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, ikapulizwa, na unajua pembe ikilia hakuna anayebaki nyumbani. Watu walipanda mlimani na majembe na vikapu, tukaipanda ile miche kwenye mteremko ulio juu ya ndiva, bwawa letu la kumwagilia, ili mizizi yake iushike udongo usiteremke bwawani. Wanawake waliimba. Mimi nilikuwa napita nikiwaonyesha watu namna ya kukanyagia udongo, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mvua zilipokatika, ile miche ilianza kulala. Kwanza majani, halafu ncha, halafu yote. Niliushika mmoja nikajiandaa kuuvuta kwa nguvu. Ukaja wenyewe. Mizizi ilikuwa imebaki na umbo lile lile la ganda la mgomba, haikuwa imetoka hata kidogo kwenda kwenye udongo wa mlima, na ncha zake zilikuwa nyeusi, kama zilizounguzwa. Nikavuta wa pili na wa tatu, yote ikawa hivyo hivyo. Juu kulikuwa na mti, chini hakukuwa na kitu.

Mvua za vuli ziliporudi, yale mashimo tuliyochimba kwa mikono yetu wenyewe ndiyo yaliyoulegeza udongo. Mteremko mzima ukateremka ndani ya ndiva. Bwawa lililokuwa linajaa usiku na kumwagilia mashamba mchana likawa matope mpaka magotini, zamu za maji zikakatwa, maharage ya watu yakakauka shambani wakati maji yanaonekana. Basi ikawa kesi, na sisi kwa kesi unatujua. Mzee wa ndiva aliuliza mbele ya watu wote, "Ni nani aliyeitia ile miche dawa?" Nikasema ni mimi. Waliamua niwe wa kwanza kuingia bwawani na wa mwisho kutoka mpaka tope liishe. Nilipokuwa humo ndani mtu mmoja kule juu akaita, "Bwana Mbolea, kuna utamu?" Kijiji kizima kikacheka, na ndilo jina nililo nalo mpaka leo.

Sikuandikii haya ili nikiri. Kosa lenye mashahidi kijiji kizima halina haja ya kukiriwa. Ninachotaka ukitazame ni kile nilichofanya baadaye, ambacho hakuna anayekisimulia harusini, kwa sababu kinafanana na busara.

Nilijiwekea sheria. Nikasema mbolea ya gunia haitaingia tena kitaluni kwangu mpaka nife. Nikaanza kutumia samadi ya mbuzi. Miche yangu ikatoka mirefu, yenye afya, watu wakanunua wakapanda uani mwao, ikakua. Kila mti uliosimama uani mwa mtu niliuhesabu kuwa ushahidi wangu. Halafu ukaja wakati wa ruksa. Maduka ya Same yakajaa kila kitu, bei ya kahawa ikaanguka mpaka watu wakang'oa mibuni kwa hasira, na mbolea iliyokuwa ikitupwa ghalani ikawa inauzwa kwa kupimwa kwa glasi kama karanga. Nilifurahi. Nikasema afadhali imekuwa ghali, watu wataogopa.

Ndipo wewe ukamaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea ikakosekana, ukabaki nyumbani na maswali yako. Unaukumbuka ule mchana tulipokuwa tunachambua maharage?

"Baba, ile mbolea ya miaka ile ilikuwa ya kupandia, ile ya mizizi, au ya kukuzia majani?"

"Ilikuwa nyeupe."

"Ulitia kiasi gani kwa kila mche?"

"Ya kutosha."

"Ya kutosha kufanya nini, baba?"

Mama yako alicheka mpaka akaweka ungo chini. Mimi sikucheka. Ulikuwa umeuliza kwa adabu, hata macho hukuyainua, lakini niliona kama nimerudishwa bwawani. Miaka yote hiyo nimebeba jina la mbolea na sikuwahi kujua ni mbolea gani, kiasi gani, wala niliitia mche ukiwa na umri gani.

Ulipokuja na kile kifuko cha mbolea ya kupandia kutoka gulioni nilikunyang'anya. Kuimwaga sikuweza, ni hela ile. Nikampa mama yako aitie kwenye mchicha. Tukala mchicha ule, na wewe ulijipakulia mwingi kuliko sisi sote, unatafuna polepole huku unanitazama. Nilijua maana yake. Nilitamani kucheka na nikajizuia, nikaona cheo cha ubaba kitaanguka.

Kisha ukanunua kingine, ukaanzisha tuta lako nyuma ya banda la mbuzi. Ulidhani sikuoni. Nilikuona ukibeba mchanga kutoka korongoni. Nilikuona ukirudi na udongo wa msituni kwenye kikapu, ule mweusi wenye nyuzi nyeupe nyeupe. Nilikuona ukipima mbolea kwa kizibo cha soda, kizibo kimoja kwenye ndoo nzima ya udongo, na nikajisemea, huyu anapika mchuzi wa ndoo nzima kwa chembe ya chumvi. Na maji ulikuwa unainyima miche yako mpaka majani yalegee kidogo ndipo unamwagilia. Kila asubuhi nilikuwa nazunguka huko kimya kimya kulinganisha. Yako ilikuwa mifupi. Nilikuwa narudi mbele ya nyumba na moyo mweupe.

Mwaka huu kijiji kimekubali, baada ya muda wote ule, kuupanda tena mteremko wa ndiva, na wamekubali miche itoke kwangu. Msaragambo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Unaweza kufikiri mwenyewe nilivyokuwa natembea.

Leo, ulipoondoka tu, nilikwenda kutazama kreti ulizopakia. Kazi nzuri, umezipanga vizuri, hakuna kiriba kilichobanwa. Nikapita nyuma ya banda kuchukua koleo nikakuta lile tuta lako limebaki peke yake, umelimwagilia kwa mara ya mwisho na udongo bado una unyevu. Hapo nikasimama. Si huruma iliyonisimamisha, Nakiete, nisijipambe. Ulikuwa ni udadisi. Nikajiuliza, huyu mtoto alikuwa anatafuta nini huku? Amefanya kazi yote hii, amenyamaza, na hata nilipomkataza hakukasirika kama mtu aliyeshindwa. Anajua nini?

Nikachukua mmoja wako na mmoja wangu. Nikachana viriba kwa wembe, nikailoweka yote miwili kwenye beseni. Kuosha mzizi ni kazi ya kutulia. Ukisugua unakata vile vyembamba, na vile vyembamba ndivyo unavyovitaka. Unauacha udongo ulegee wenyewe, kisha unamimina maji kwa kikombe, kidogo kidogo, unasubiri, unamimina tena.

Wangu uliisha haraka. Udongo ulianguka wote kwa kikombe cha kwanza. Chini yake mzizi mmoja mnene ulikuwa umeshuka mpaka mwisho wa kiriba, ukakuta hakuna njia, ukajizungusha pale chini na kujizungusha tena. Pembeni vilikuwa vimizizi vya kuhesabika. Samadi ilikuwa pale pale, nyingine haijaoza hata vizuri, nyeusi, ya moto, tele. Maji nimeupa asubuhi na jioni. Mche wenye chakula mdomoni na maji miguuni uende kutafuta nini? Ukapeleka nguvu zake zote juu, kwenye majani, mahali ambapo baba yako anatazama.

Wako ulinichelewesha. Udongo haukutaka kuachia. Nilimimina maji mpaka mkono ukachoka, na kila udongo ulipoondoka kidogo nyuma yake palikuwa na mizizi mingine, myeupe, myembamba, imekwenda kila upande, imegawanyika na kugawanyika, na mingine imeshikana na zile nyuzi za udongo wa msituni mpaka sikujua mzizi unaishia wapi. Nikailaza yote miwili kwenye jani la mgomba, ubavu kwa ubavu.

Mama yako akatokea. "Huo mfupi wa nani?"

"Wa Nakiete."

"Na huo mwingine?"

"Wangu."

Akaitazama, mikono kiunoni. "Haya, Bwana Mbolea," akasema, akaingia ndani.

Nikasema ni bahati. Nikaosha mingine, na mingine tena, yako na yangu. Ikawa vile vile. Kwa hiyo jioni ukikuta miche yako imepungua, usiwalaumu mbuzi.

Nitakuambia nilichokiona moyoni. Kwanza niliona aibu, ile ile ya bwawani, ikanishika masikioni. Halafu ikaja furaha, na furaha ikaishinda aibu mbali kabisa. Nimekaa hapa na maji yananitiririka mpaka viwikoni nikicheka peke yangu. Miaka yote nilidhani adui ni gunia. Kumbe samadi nayo ni mbolea. Nililikataza gunia lisiingie kitaluni, kisha nikafanya na banda la mbuzi kosa lile lile nililofanya na gunia. Na sikujua kwa sababu miche yangu yote ilikwenda uani mwa watu, ambako kuna mwanamke anayeimwagilia kila jioni mpaka ishike. Mteremkoni hakuna wa kuimwagilia. Wala kwenye shamba la mjomba wako hakuna, na Bendera jua lake si la huku.

Ile sheria yangu haikutoka kwenye mizizi, mwanangu, ilitoka kwenye kile kicheko. Siku ile nilikuwa na miche mia iliyokufa mkononi, kila mmoja ungeweza kunieleza kitu, na mimi nilichotaka ni watu waache kucheka. Nikachukua jibu la kwanza lililonipa kinga. Naona hivi leo kwa mara ya kwanza. Huko uendako nawe utakosea jambo mbele za watu, hakuna njia ya kuukwepa mkosi huo, na watu wa tambarare wanajua kucheka kuliko sisi. Waache wacheke. Lakini kile kilichokufa usikitupe kabla hujakitazama.

Jioni hii mchungaji ataomba, na nakuambia mapema, atasema wewe ni mche unaohamishwa na Bwana akuoteshe mizizi. Mvumilie, itika amina. Wewe si mche. Mche haupandi lori kwa miguu yake, wala hauulizi "ya kutosha kufanya nini."

Sasa nina maswali, na hayaniachi. Ulibadili mambo manne kwa mpigo. Mbolea ya kizibo, mchanga, udongo wa msituni, na kuinyima maji. Ni lipi lililoleta mizizi ile? Mimi nadhani ni maji. Mama yako nimemuuliza, anasema ni mchanga, kwa sababu hata mihogo hupenda mchanga. Wewe najua utasema ni mbolea ya kupandia, kwa kuwa ndiyo tuliyoigombania. Inawezekana wote watatu tunajipendelea. Ukifika na ukipata mbegu, otesha vituta vidogo, kila kimoja kikose kitu kimoja tu kati ya vinne, vingine vyote vibaki sawa. Kisha ua miche kadhaa kila kituta, uioshe, utazame. Mtu anayeionea huruma miche yote hataujua hata mmoja.

Na usifikiri miti yote ina tabia moja. Nilipomaliza mikangazi, mikono ilikuwa imekwisha kulowa, nikafukua kidogo chini ya ile migrevilea ya mpakani, pale palipo na kokoto na udongo umechoka. Mizizi yake ina vifungu vya vimizizi vilivyosimama kama mswaki. Nikafukua mwingine karibu na shimo la mboji, kwenye rutuba. Miswaki imepungua, karibu haipo. Nimeishi na miti ile miaka mingi, nimekaa kivulini kwake, sikuwahi kujua kwamba inatengeneza miswaki pale inapokosa. Nadhani ile mbolea yako ya kupandia ukiupa mgrevilea utaunyang'anya mswaki wake. Nadhani tu. Laiti tungekuwa na wiki moja zaidi ya kukaa pamoja nyuma ya lile banda. Tulikuwa nayo, tena tulikuwa na miezi, na mimi niliitumia kupita kimya kimya asubuhi nikikulinganisha.

Basi nikuambie nilichofanya, ili jioni usishtuke. Kreti nimezipakua. Miche yangu nimeirudisha mbele ya nyumba na yako nimeipanga mimi mwenyewe, nimeifunika kwa majani ya mgomba, na nimemwambia dereva asiiweke karibu na injini. Yote iliyobaki imeingia. Kwa urefu haitamfurahisha mjomba wako, atasema umemletea mchicha. Mwambie asubiri kiangazi.

Na mimi nikimaliza kuandika hapa nitavaa viatu niende kwa mzee wa ndiva. Ile miche mirefu haiwezi kupanda mteremkoni Alhamisi, nimeiona kwa macho yangu. Nitamwambia asipulize pembe, kijiji kisubiri masika mengine, nioteshe upya kwa kizibo, mchanga na udongo wa msituni. Ataniuliza nimejuaje, nitamwambia ni binti yangu. Kabla jua halijazama kila nyumba itakuwa na habari kwamba Bwana Mbolea ameharibu tena. Wakija kula makande hapa jioni wataniita hivyo mbele yako. Nitaitika.

Lakini kuna moja linaniuma, na si kicheko. Ni lile "sawa, baba." Ulikuwa unaijua ile miche yako, umeshaosha mizizi yake kabla yangu, nimekuta viriba vilivyochanwa umevifukia nyuma ya banda. Ulijua tofauti. Na bado uliinama ukapakia miche ambayo ingekufia shambani na kukunyang'anya shamba, kwa sababu tu mimi nimesema. Ungekwenda Bendera ukayapoteza yote bila kufungua mdomo, na watu wangesema Nakiete ana heshima. Nimekulea uniheshimu, na umeniheshimu mpaka nimeogopa.

Nikikosea tena, nibishie. Nitapaza sauti, pengine nitaondoka mezani, mama yako atashughulika na hayo. Wewe nibishie tu.

Ni mimi baba yako, mwenye mikono ya matope.